Bibo ndani ya mtungi: uraka wa Lindi na kazi ya tunda katika pombe

KILA mwaka kati ya Septemba na Januari, ardhi iliyo chini ya mikorosho ya Mkoa wa Lindi hubadilika rangi. Kuanzia mashamba ya Kilwa hadi Mchinga na Mtama, matunda mekundu na ya njano hutapakaa juu ya majani makavu, na upepo wa jioni huleta harufu tamu yenye uchachu ndani yake, harufu ambayo mgeni huihisi kabla hajaambiwa chanzo chake.

Tunda hilo ni bibo. Wakazi wa Dar es Salaam hulitamka jina lake kila siku wanapopanda daladala za Mabibo, ingawa wengi wao hawajapata kulionja. Ni lile bonge la nyama laini, lenye umbo la pilipili hoho, ambalo korosho huning'inia kwenye ncha yake.

Korosho ina mnada, ina maghala, ina vyama vya ushirika na ina meli za kuipeleka India na Vietnam. Bibo halina hata kimoja cha hivyo. Mkulima huokota tunda lililoanguka, huzungusha korosho mpaka itengane nalo, kisha bibo hubaki pale pale lilipoangukia.

Uzito wa bibo huwa kati ya mara 5 na mara 10 ya uzito wa korosho yake ghafi. Katika msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi. Kwa hesabu hiyo, mabibo ya msimu huo hayakupungua tani milioni 1.5, na yawezekana yalikaribia milioni 3. Sehemu kubwa yake iliishia kuoza.

Sehemu ndogo huliwa na watoto na wapita njia. Nyingine hukamuliwa, ikatiwa ndani ya pipa au mtungi, na baada ya siku moja au mbili huwa uraka, pombe ya mabibo inayojulikana katika mikoa yote ya Lindi na Mtwara.

Uraka umebeba sifa mbaya kwa miaka mingi kwa sababu hutajwa kwa pumzi moja na gongo. Ni makosa kuviweka vinywaji hivi viwili katika kapu moja. Kimoja ni tunda lililochachuka, kingine ni mvuke uliokusanywa motoni, na hatari zake, hata mbele ya sheria, hazifanani. Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi mtu akifahamu kwanza kazi ambayo tunda hufanya ndani ya pombe.

Sukari na chachu yake

Pombe yoyote huanza na sukari. Vijidudu vidogo vya jamii ya kuvu, ambavyo kwa Kiswahili huitwa chachu, hula sukari hiyo na kutoa vitu viwili: kileo na hewa ya kaboni. Povu linalopanda juu ya mtungi ni hewa hiyo ikitafuta njia ya kutoka.

Mtama, ulezi na mahindi havina sukari ya kutosha, vina wanga. Ndiyo maana mpika pombe ya nafaka hulazimika kwanza kuotesha punje, kuzianika na kuzisaga ili kupata kimea. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari, na kimea kikichanganywa na uji wa vuguvugu, uji huo huanza kuwa mtamu bila kuongezwa chochote. Hapo hupatikana togwa. Ikiachwa zaidi, huwa pombe.

Tunda halihitaji safari hiyo ndefu. Sukari yake iko tayari, na juu ya ganda lake chachu ya porini imekwisha kufanya makazi. Mtu anapotia tunda ndani ya mtungi wa pombe ya nafaka huongeza kwa mkupuo mmoja chakula cha chachu, chachu yenyewe, ukali wa asidi na harufu.

Wachaga wa Kilimanjaro waliufahamu mpango huo zamani, na mbege yao ni mfano bora wa pombe nzito ya nafaka iliyotiwa tunda. Ndizi mbivu huchemshwa mpaka ziwe na rangi ya kahawia iliyokolea, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, na hapo huitwa nyalu. Maji yake huchujwa, kisha huchanganywa na mso, yaani uji wa kimea cha ulezi uliokwisha kupoa. Gome la mti wa msesewe hutiwa ili kuleta uchungu unaouzuia utamu usichoshe.

Katika Mkoa wa Kagera, rubisi hufuata mkondo wa kinyume. Maji ya ndizi ndiyo msingi, na mtama uliokaangwa na kusagwa ndio unaoongezwa, ukiipa pombe rangi na ladha ya kuungua kidogo. Wabelgiji nao huloweka matunda ya cheri ndani ya bia yao chachu kwa miezi.

Katika mila hizi mna kanuni moja ambayo wapika pombe wa mijini wanaojaribu kutia embe, ukwaju au nanasi katika bia nyeusi ya nyumbani huisahau mara kwa mara. Utamu wa tunda haubaki. Chachu huula wote, na kinachosalia ni asidi na harufu tu. Anayetarajia bia yenye utamu wa embe hupata bia kavu, kali zaidi kuliko alivyokusudia, yenye kumbukumbu ya embe puani.

Kanuni ya pili inahusu wakati. Tunda likitiwa uji ungali wa moto, harufu yake hupotea na mvuke, chachu yake hufa, na utomvu wake uitwao pektini, ule unaogandisha jemu, huifanya pombe iwe na ukungu usiotulia. Likitiwa baada ya uji kupoa, hayo huepukwa. Na likitiwa siku ya mwisho, chupa zikafungwa kabla sukari mpya haijaisha, hewa hukosa pa kupitia na chupa hupasuka. Vigae vya chupa ya bia vimewajeruhi watu wengi duniani kwa kosa hilo moja.

Tunda lenye ukakasi

Bibo ni tunda la aina yake. Asilimia 85 hivi ya uzito wake ni maji, na maji hayo yana sukari inayofikia takriban asilimia 10, kiasi kinachotosha kutoa kinywaji chenye kileo cha asilimia 5 hivi, sawa na bia ya dukani. Kwa hiyo halihitaji kimea wala uji. Vitamini C iliyomo ndani yake huzidi ile ya chungwa mara kadhaa.

Tatizo lake ni ukakasi. Anayeuma bibo kwa mara ya kwanza huhisi ulimi ukikauka na koo likibana, kana kwamba amelamba ganda la mti. Hali hiyo husababishwa na tanini, ambayo hushikamana na protini za mate na kuyaondolea utelezi.

Kwa sababu hiyo, kulichanganya bibo na pombe ya mtama kunahitaji uangalifu. Mtama mwekundu nao una tanini nyingi, ambayo huusaidia shambani kwa kuwakinaisha ndege. Vikikutana ndani ya mtungi mmoja, kinywaji hukaza mdomo kiasi cha kutomezeka. Mtama mweupe au ulezi humpokea mgeni huyu kwa upole zaidi.

Dawa ya ukakasi inapatikana jikoni. Maji ya bibo yakichanganywa na uji mwepesi sana wa muhogo au wa mchele, kisha yakaachwa yatulie, tanini hushikamana na wanga na kuzama chini, na maji ya juu huchotwa yakiwa yamelainika. Njia nyingine ni kuyapitisha mabibo kwenye mvuke kwa dakika chache kabla ya kuyakamua.

Mpishi wa uraka kwa kawaida hajishughulishi na hayo. Mnywaji wa uraka amezoea ukakasi, na wapo wasemao kwamba uraka usiokaza ulimi si uraka.

Kazi yenyewe ni rahisi, na mara nyingi iko mikononi mwa wanawake. Mabibo yaliyoiva huokotwa asubuhi, yakatenganishwa na korosho bila kupasua ganda lake, kwani mafuta ya ganda hilo huchoma ngozi. Huoshwa, hupondwa katika kinu au kwa mikono, hukamuliwa na kuchujwa kwa kitambaa, kisha maji yake huachwa katika chombo kilichofunikwa bila kubanwa.

Katika joto la pwani, saa 24 zinatosha. Siku ya kwanza kinywaji ni kitamu chenye povu. Siku ya pili utamu hupungua na kileo hupanda. Siku ya tatu au ya nne bakteria wa siki huanza kazi yao, na kinachofuata hakinyweki.

Ufupi huo wa maisha ndio unaoeleza kwa nini uraka hauonekani katika baa za Dar es Salaam, ingawa tangu Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 barabara ya kusini si ile ya zamani iliyokuwa ikilaza abiria njiani. Dumu la uraka lililofungwa Lindi huvimba kabla ya kuvuka Rufiji. Likifunguliwa kidogo ili lipumue, hewa huingia na siki huanza. Uraka ni kinywaji cha kunywewa pale pale kilipotengenezwa.

Fedha zake nazo ni za papo hapo. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/08, mkulima hupeleka mzigo wake ghalani na kusubiri mnada kabla ya malipo. Uraka hulipwa jioni ile ile, kikombe kwa kikombe. Kwa kaya ambayo mwanafunzi wake anadaiwa daftari wiki hii, tofauti hiyo ni kubwa.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mwambao mzima umejaa vilabu. Kilwa na Lindi ni pwani ya Waislamu tangu karne nyingi, na familia nyingi haziruhusu kileo kivuke kizingiti. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu uzuri wake, hakukuta mkorosho hata mmoja. Mti huo ulitoka Brazil na kuletwa na Wareno katika karne ya 16.

Wareno hao hao waliupeleka mkorosho Goa, India, na huko bibo lilipata bahati tofauti. Mabibo ya Goa hukamuliwa, yakachachuliwa na kukenekwa. Mkeneko wa kwanza huitwa urrak, na wa pili feni. Mwaka 2009 feni ya korosho ya Goa ilisajiliwa kisheria kuwa bidhaa ya mahali pake, kama ilivyo kwa shampeni ya Ufaransa. Majina urrak na uraka yanaelekea kuwa ndugu, yote yakitokana na neno la Kiarabu araki, lakini vinywaji vyenyewe si kimoja: cha Goa kimepita motoni, cha Lindi hakijapita.

Pale moto unapoingia

Uraka ukichemshwa ndani ya pipa lililofungwa, mvuke wake ukapitishwa katika bomba lililozungukwa na maji baridi, kinachotona upande wa pili ni gongo. Kileo huchemka kwenye nyuzi joto 78 na maji kwenye nyuzi 100, kwa hiyo mvuke wa mwanzo hubeba kileo kingi kuliko maji. Lita nyingi za uraka huzaa lita chache za kinywaji chenye nguvu mara nyingi zaidi.

Sheria ya Tanzania huvitenganisha vinywaji hivi viwili. Pombe za kienyeji zisizokenekwa zinasimamiwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, inayodai leseni kwa anayeziuza. Gongo, ambayo sheria huiita moshi, ina sheria yake ya mwaka 1966, na kuitengeneza bila leseni ni kosa la jinai. Anayeuza uraka bila leseni na anayepika gongo wote wana kesi ya kujibu, lakini si kesi moja.

Sababu za kiafya zipo. Matunda yenye pektini nyingi, yanapochachuka, hutoa pia kiasi kidogo cha methanoli, kileo chenye sumu ambacho mwilini hugeuka kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Katika uraka kiasi hicho ni kidogo na kimetawanyika katika maji mengi. Ukenekaji hukikusanya pamoja na kileo cha kawaida.

Wapikaji wengi huamini kuwa kumwaga matone ya kwanza kunaiondoa sumu yote. Kunasaidia kupunguza baadhi ya kemikali kali, lakini mtambo wa pipa moja na bomba moja hauwezi kutenganisha methanoli kwa usafi huo. Nyingine huendelea kutoka mpaka mwisho. Wala jaribio la kiberiti halithibitishi chochote, kwani methanoli nayo huwaka, tena kwa mwali usioonekana vizuri mchana.

Vifaa huongeza balaa. Pipa lililowahi kubeba kemikali, au bomba lililounganishwa kwa risasi, huacha ndani ya kinywaji vitu ambavyo havikutoka kwenye bibo.

Maafa makubwa zaidi ya Afrika Mashariki, hata hivyo, hayakuletwa na tunda. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyokuwa na methanoli, na wengine walipofuka. Mei 2014 Kenya ilizika tena makumi ya watu kwa sababu ile ile. Methanoli ya kiwango hicho ni ya viwandani, huingizwa na mfanyabiashara anayetaka kuipa pombe yake nguvu kwa bei ndogo.

Wala pombe isiyokenekwa haina kinga kamili. Januari 2015, watu 75 walikufa katika eneo la Chitima, Mkoa wa Tete nchini Msumbiji, baada ya kunywa pombe msibani. Uvumi wa kwanza ulisema mtu ametia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara uligundua sumu iliyotengenezwa na bakteria waliostawi katika unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha.

Tukio hilo linamhusu moja kwa moja anayechanganya nafaka na matunda. Asidi ya tunda huwazuia bakteria wengi, lakini haiwezi kufuta sumu ambayo tayari imo ndani ya unga uliovunda. Unga usiofaa kwa ugali haufai kwa pombe, hata kama utafunikwa na harufu ya ndizi au bibo.

Nje ya pipa

Njia nyingine za kulitumia bibo zinafahamika. Kituo cha utafiti cha Naliendele mkoani Mtwara, ambacho kazi yake kubwa ni zao la korosho, kimekuwa kikieneza ujuzi wa kutengeneza juisi, jemu na mvinyo kutokana na mabibo. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, linatoa mafunzo ya usindikaji wa aina hiyo, na bidhaa ya chakula au kinywaji inayokwenda sokoni sasa hukaguliwa na Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa jukumu hilo mwaka 2019.

Mvinyo wa bibo hautofautiani na uraka katika chanzo chake. Tofauti ni kuondoa ukakasi, kutumia chachu teule badala ya ile ya porini, kuongeza sukari kwa kipimo, kusubiri wiki kadhaa mpaka mchachuko ukome, na kuzipasha chupa moto ili kilichobaki hai kife. Mvinyo wa namna hiyo unaweza kuvuka Rufiji bila dumu kuvimba.

Mtambo si kikwazo kikubwa kama kasi ya tunda lenyewe. Bibo lililoanguka na kuchubuka huanza kuharibika ndani ya saa chache, wakati mikorosho ya mkulima mdogo imetawanyika mbali na barabara, na msimu wake unaangukia wakati ambapo kila mkono katika kaya unaokota korosho. Kiwanda kinachotaka tani 10 za mabibo kwa siku lazima kiyakute yangali mazima, yameoshwa, kabla ya jua la saa nane mchana. Mwanamke mwenye pipa nyuma ya nyumba yake hana tatizo hilo. Mabibo yako hatua 20 kutoka mlangoni.

Chupa za kinywaji kilichosajiliwa zinahitaji pia fedha za vipimo, vifungashio na lebo kabla ya chupa ya kwanza kuuzwa. Kikundi cha wanawake chenye msimu wa miezi 4 kwa mwaka kina muda mfupi wa kurudisha mtaji huo, labda kiwe na tunda jingine la kusindika Machi na Juni. Maembe, ubuyu na ukwaju vinapatikana Kilwa na Lindi, na misimu yake haigongani yote na ya bibo.

Kwa sasa, mabibo yanayookolewa kwa ajili ya miezi ya baadaye huokolewa kwa njia ya kale. Hupasuliwa na kuanikwa juani mpaka yasinyae na kuwa meusi, yakahifadhiwa katika magunia. Msimu ukishapita, hulowekwa majini yakachachuka upya. Lakini gunia likipata unyevu hushika ukungu, na kinachotoka kwenye mabibo hayo makavu hakinywewi sana kama uraka. Kwa sehemu kubwa hupelekwa motoni.